Sanaa ya sauti ya wakimbizi: maana na mipaka yake

Sanaa ya sauti ni kazi inayoundwa kwa sauti zilizorekodiwa na kupangwa mahali maalumu: pengine spika nne kwenye pembe za chumba, pengine kiti kimoja chenye hedifoni. Haina mtangazaji wa kukueleza kinachoendelea. Unatembea, unasimama, unasikiliza.

Malighafi yake ni maneno ya mkimbizi pamoja na sauti za anapoishi: ndoo kwenye foleni ya bombani, kwaya ikifanya mazoezi, mvua juu ya paa. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, Kiswahili chenyewe kinazungumza. Lafudhi ya Kivu humtambulisha mtu kabla hajataja kijiji chake. Kwa hiyo sauti ni kitambulisho, na kuficha jina pekee hakumlindi mwenye nayo.

Hapa ndipo sanaa hii inapogusana na kuhamishiwa nchi ya tatu, yaani mkimbizi kutolewa nchi aliyokimbilia na kupelekwa nyingine iliyokubali kumpa makazi ya kudumu. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hupendekeza, nchi inayopokea huamua, na mara nyingi IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hupanga safari. Kwa mwaka, wanaoipata hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Huduma hii ni bure. Anayedai pesa ili jina lipande ni tapeli. Vivyo hivyo, hakuna onyesho linaloweza kuharakisha kesi ya kuhamishwa, na kumwahidi mtu hivyo ili akubali kurekodiwa ni kumdhulumu.

Onyesho linaweza kuiharibu kesi, hata hivyo. Kwenye mahojiano ya kesi, maelezo hulinganishwa na yaliyotolewa awali. Mhariri akikata miaka miwili, au akitanguliza kifo cha baba ili masimulizi yavutie, anazua mkanganyiko ambao mwenye kesi atatakiwa kuueleza. Kesi ikiwa bado wazi, tumia sauti za mazingira tu, acha masimulizi. Kwa asiye na kesi wazi anayetaka kufichwa, kubadilisha unene wa sauti hakutoshi, kwani unaweza kurudishwa. Afadhali maneno yasomwe na mtu mwingine.

Rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kilohezi 48, biti 24. Maikrofoni ikae shibiri moja kutoka mdomoni, kwa upande kidogo, la sivyo kila "p" italipuka. Kilele cha sauti kwenye kipimo cha kinasa sauti kisizidi desibeli -12. Mvua kwenye mabati humeza maneno: isubiri ipite, kisha irekodi peke yake siku nyingine. Chumba kikiwa na mwangwi, tundika mablanketi. Usiondoke bila sekunde 60 za ukimya wa chumba hicho. Ndizo zitakazoziba palipokatwa.

Ridhaa huombwa mara mbili, na ya pili ndiyo nzito: baada ya mhusika kusikiliza kazi iliyokamilika kwa lugha anayoielewa. Hifadhi sauti ya kila mtu katika faili lake, ili akibadili nia aondolewe bila kubomoa kazi nzima.

Msaada wenye maana huanzia upande wa wenyeji. Tangu 1979 Kanada imekuwa na mpango wa wafadhili binafsi: kikundi cha wafadhili huahidi kugharimia familia, kwa kawaida kwa miezi 12, kodi ya nyumba, chakula na nguo za baridi zikiwemo. Onyesho likichangisha fedha, tangazeni mlangoni zinakokwenda. Msikilizaji asiye na pesa lakini anayekijua Kiswahili cha Kongo aombwe kumsindikiza mgeni kliniki na kumtafsiria.