Kabla ya kusifu majani ya dengu, chimba

Mvua zikishaaga Igunga na Nzega, mkoani Tabora, Tanzania, udongo mweusi wa mbuga hubaki na unyevu chini yake, na huo ndio mtaji wa dengu. (Wakenya wasichanganyikiwe: ndengu zao ni choroko zetu.) Tangu inapopandwa, Aprili au Mei, mpaka inapovunwa, inaweza isipate mvua ya maana hata mara moja. Inaishi kwa kula akiba, na kila wiki akiba hiyo inazidi kushuka.

Ndiyo maana mkulima akiniuliza mbegu ipi inavumilia ukame, mimi humwomba jembe. Tunachimba pembeni mwa mmea ulioanza kuchanua, upana wa kiganja kutoka kwenye shina, mpaka shimo lifike gotini na kuzidi, kisha tunamwagia maji taratibu hadi udongo uachie mizizi. Mmea mmoja utaukuta mzizi wake mkuu umenyooka kama msumari hadi kwenye udongo ambao ukiuminya bado unashikana. Jirani yake, uliokuwa unapendeza kwa juu, mizizi yote imetapakaa kwenye sentimita 20 za mwanzo, palepale penye nyufa. Na nyufa za mbuga hazina huruma: udongo ukipasuka, mizizi midogo hukatika kama uzi.

Mzizi wa dengu unaweza kupita mita 1. Hata hivyo urefu peke yake hautoshi. Kinachohesabika ni wingi wa mizizi midogo huko chini wakati maganda yanajaza punje. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, nchini India hupanda dengu ndani ya mabomba marefu ya plastiki, na baada ya siku kama 35 huosha mizizi na kuipima. Mbegu iliyojipatia jina huko, ICC 4958, ina mizizi mingi inayowahi kwenda chini, na kipande cha vinasaba vyake kimehamishiwa kwenye mbegu nyingine iitwayo JG 11. Adesi nazo hupimwa kwa jicho hilohilo: urefu wa mzizi, na uzito mkavu wa mizizi ukilinganishwa na wa shina na majani, mara nyingi mche ukiwa bado mchanga. (Wakenya wasichanganyikiwe: ndengu zao ni choroko zetu.)

Juu ya ardhi nako kuna ya kutazama. Pita shambani alfajiri, majani yatakunata. Lamba kidole, utasikia uchachu. Hiyo ni tindikali ya vinyweleo vya jani, nayo ni kinga ya wadudu zaidi kuliko ya ukame, kwa hiyo usichague mbegu kwa uchachu. Tazama mmea unaowahi kufunika ardhi, maana jua likipiga udongo mtupu linakunywa maji yako bure. Tazama pia tarehe ya maua: unaowahi kuchanua huwahi kumaliza kabla akiba haijaisha. Watafiti hupima joto la majani mchana jua likiwa kali: jani lililo baridi kuliko la jirani ni dalili kwamba chini kuna mzizi unaoendelea kunywa.

Ila mzizi mrefu si dawa ya kila shamba, na hapa ndipo wengi tunapodanganyana. Kwenye kichanga cha upande wa Urambo maji hayakai. Mmea ukitumia chakula chake kujenga mizizi ya kufuata maji yasiyokuwepo, gharama hulipwa na maganda. Huko mimi ningechagua mbegu inayokomaa mapema, hata kama mizizi yake ni ya kawaida.

Ukipata mbegu zilizotolewa nchini, kama Ukiriguru 1 au Mwangaza, panda mstari mmoja kando ya mstari wa mbegu yako ya nyumbani, siku moja, kina kimoja. Maua yakianza, chimba mimea mitatu kila mstari, na usichague ile iliyonawiri tu. Ioshe, ilaze juu ya gunia, pima kwa rula, andika.