Mtoto wa Panga ya Saidi: mfupa uliosomwa bila kuguswa

Mwaka 2017, katika pango la Panga ya Saidi kule Kilifi, wachimbaji walifika kwenye kishimo chenye mifupa iliyooza hata ikiguswa yageuka unga. Wangechimba tu, wangebaki na vumbi mkononi. Badala yake waliuvika udongo wote plasta, kama afungwavyo aliyevunjika mguu, wakaubeba mzimamzima hadi Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na baadaye Burgos, Hispania.

Mashine iliyoufungua udongo huo ni ndugu ya CT skani ya hospitali, ila huona vitu vidogo zaidi. Hupiga eksirei kutoka pande zote, kompyuta ikazipanga picha ziwe vipande vyembamba kama silesi za boflo, halafu ikaviunga viwe umbo la pande tatu linaloweza kugeuzwa kwenye kioo. Hapo kazi ndiyo kwanza imeanza. Mfupa wa kale hufanana na udongo uliouzunguka, hivyo mtafiti huutenga kipande baada ya kipande, kwa subira ya mtu anayechagua mchele.

Kompyuta hupanga pia mifupa iliyokwisha kutolewa ardhini. Kijana wa Turkana, mifupa ya mvulana wa jamii ya kale ya Homo erectus, aliyegunduliwa na Mkenya Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, ana umri wa karibu miaka milioni 1.5, na kwa muda mrefu alichorwa mrefu, mwembamba, mwili wa mkimbiaji. Mbavu zake zilipopangwa upya kidijitali mwaka 2020, kilitokea kifua kipana na kinene kuliko chetu. Yaani wembamba wetu huenda ni jambo la majuzi. Lakini umbo likipendeza, uliza lilipojazwa: ubavu uliokosekana mara nyingi huundwa kwa kugeuza wa upande wa pili, kama kwenye kioo. Hayo ni makisio, hata yakiwa ya kitaalamu.

Turudi Kilifi. Meno, pamoja na yale yaliyokuwa bado yamejificha tayani, yalionyesha kuwa huyu ni binadamu kama sisi, wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Watafiti walimwita Mtoto. Alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2021 lilikuwa kaburi la kale zaidi la binadamu kujulikana Afrika.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi kichwa kilivyoporomoka yaelekea kilikuwa juu ya mto uliooza. Mabega na mbavu zilizobanwa zaonyesha alivingirishwa kitu, labda majani au ngozi. Hapa Mombasa, ninaposimulia habari hii, nikifika kwenye ubavu wa kulia na sanda, wasikilizaji hutazamana, maana ndivyo Waislamu wanavyozikwa. Nami huwaambia wasikimbilie mbali: kaburi moja halitoshi kutuambia watu wale waliamini nini. Linatuambia kuwa kuna aliyechimba shimo, akamlaza mtoto kwa upole, akamfukia.