Ateri inapofungukia kwenye vena: yanayosemwa na ukweli wake

Damu hutoka moyoni kwa ateri ikiwa na msukumo mkubwa, hupita polepole kwenye kapilari, yaani mishipa myembamba sana, na kuacha oksijeni, kisha hurudi kwa vena. Kuna watu ambao ateri zao humwaga damu moja kwa moja ndani ya vena, kwenye muunganiko mmoja au fundo la mishipa. Kapilari zinarukwa, na vena yenye ukuta mwembamba inabebeshwa msukumo usio wake.

“Ni jipu tu, au ni saratani.”
Si jipu wala si saratani. Likiwa karibu na ngozi, fundo hilo la mishipa huwa na joto na hudunda pamoja na moyo. Linaweza kukua wakati wa kubalehe au ujauzito, lakini halisambai kama saratani. Kinachonitia hofu ni kutumbuliwa: damu itakayotoka ni ya ateri, na kuizuia ni kazi ngumu. Uvimbe unaodunda usiguswe kwa wembe wala sindano kabla ya kupimwa kwa ultrasaundi.

“Mtu huzaliwa nayo.”
Wengi ndiyo, si wote. Kisu, risasi au mfupa uliovunjika unaweza kutoboa ateri na vena zilizolala pamoja, zikaungana. Pigo la kichwa nalo laweza kupasua ateri iliyo nyuma ya jicho. Jicho hutokeza, huwa jekundu, na mgonjwa husikia mvumo kichwani unaofuata mapigo ya moyo. Akitibiwa kwa dawa za matone pekee, anapoteza muda ambao jicho halina.

“Ni laana ya ukoo.”
Hakuna laana, na mara nyingi hakuna urithi. Lakini upo ugonjwa mmoja wa kurithi unaozalisha miunganiko hii, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 kuupata. Dalili zake ni kutokwa damu puani mara kwa mara na vidoti vyekundu midomoni na ulimini. Muunganiko ukiwa kwenye mapafu, bonge la damu au bakteria hupita bila kuchujwa hadi kwenye ubongo, na kuleta kiharusi au usaha. Ndugu wa mgonjwa wapimwe hata wakijiona wazima.

“Likiwa kwenye ubongo, lazima litolewe.”
Fundo la ubongo ambalo halijawahi kuvuja lina hatari ya kuvuja ya takriban asilimia 1 hadi 3 kwa mwaka. Likishavuja, hatari hupanda. Upasuaji, kuziba mishipa kupitia mrija unaoingizwa ndani yake, na mionzi inayochukua miaka 2 hadi 3 kulifunga, vyote vina hatari zake. Utafiti uitwao ARUBA, uliochapishwa mwaka 2014, uliona kwamba waliotibiwa dalili tu walipata viharusi na vifo vichache kuliko waliofanyiwa matibabu ya fundo lenyewe. Madaktari wengine walilalamika kwamba wagonjwa walifuatiliwa kwa muda mfupi mno, na hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kijana mwenye miaka mingi mbele yake.

“Kila muunganiko ni ugonjwa.”
Tangu mwaka 1966, ilipotangazwa mbinu hiyo nchini Marekani, madaktari huunganisha ateri na vena ya mkono kwa makusudi ili mgonjwa wa figo asafishwe damu. Vena hupanuka na kukomaa, ikastahimili sindano. Mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu ya vipimo. Mtetemo unaohisiwa ukiugusa muunganiko huo ukitoweka, mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo.