Kuishi Kinyumba Miaka Miwili: Sheria ya Ndoa Inasema Nini Hasa

Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilipoanza kuzunguka mikoani mwaka 2023, wananchi wengi wamejitokeza kuuliza habari za ndoa, ardhi na mirathi. Ni jambo jema. Hata hivyo, kitengo chetu kimeona vyema kutoa ufafanuzi juu ya dai moja linalojirudia karibu kila tunapofungua meza: "Nimekaa naye miaka miwili, kwa hiyo ni ndoa, nipewe nusu yangu."

Katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku ya 731 mwanamume anageuka mume. Kifungu cha 160, ambacho ndicho mitaani wanachokitaja bila kukisoma, kinasema kwamba ikithibitika mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowapa heshima ya kutambulika kuwa mume na mke, mahakama itachukulia kuwa walioana. Hiyo inaitwa dhana ya ndoa. Na dhana hiyo inakanushika. Upande wa pili una haki ya kuleta ushahidi kuonyesha kwamba ndoa haikuwapo, na mara nyingi huuleta.

Watu hushika hesabu ya miaka wakasahau sehemu ya pili, ambayo ndiyo inayoangusha mashauri. Mahakama itataka kujua jamii iliwachukuliaje. Je, mtendaji wa mtaa na balozi wa nyumba kumi wanawafahamu kama mke na mume? Msiba ulipotokea kwao, ulienda kama mkwe au hukwenda kabisa? Kwenye fomu za shule na kadi ya kliniki, nani kaandikwa? Mtu aliyekuwa akija Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili alfajiri, majirani wakimjua kwa gari tu, hata miaka kumi haitamsaidia mlalamikaji. Vivyo hivyo kwa mwanamume ambaye tayari ana ndoa ya mke mmoja, kama ile iliyofungwa kanisani, ambayo haijavunjwa. Huyo hana uwezo kisheria wa kuoa mwingine, na mahakama haiwezi kudhani kilichokatazwa.

Hapa wengine hukata tamaa mapema. Dhana ikikanushwa, kifungu hichohicho kinampa mwanamke haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na kinaipa mahakama uwezo wa kutoa nafuu nyingine zinazotolewa ndoa inapovunjika. Kwa hiyo anayewaambia akina dada kwamba bila cheti cha ndoa hawana lolote, naye anapotosha.

Sasa hiyo nusu ya mali. Kifungu cha 114, kinachohusu mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika, kinaitaka mahakama iangalie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoyachukua kwa manufaa yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kupima hayo yote, ndipo mahakama ielekee kwenye mgawanyo sawa. Hata nyumba ambayo mmoja aliijenga kabla ya ndoa inaweza kuingia, ikiwa iliboreshwa kwa kiasi kikubwa kwa jasho la mwenzake au la wote wawili.

Kwamba kazi za nyumbani ni mchango, hilo lilikwisha kuamuliwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi inayohesabiwa. Inashangaza kwamba zaidi ya miaka 40 baadaye bado tunasikia mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yakimuuliza mama, "Wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" Ambalo wanaharakati hawalitaji sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake: mahakama iliona kuwa fedha alizokabidhiwa na mumewe alizifuja. Kanuni ikabaki, yeye akatoka mikono mitupu. Ndiyo maana tunasisitiza ushahidi. Daftari la kikoba, risiti za saruji na mabati, miamala ya simu uliyomtumia fundi, shahidi aliyekuona ukibeba maji ya ujenzi: vitu hivi huzungumza kuliko machozi. Akina baba nao wanahusika. Sheria haikusema mchango ni wa mwanamke peke yake.

Kuhusu utaratibu, tafadhali someni kwa makini. Shauri la talaka halifunguliwi moja kwa moja mahakamani. Linaanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo laweza kuwa la kata au la taasisi ya dini iliyotambuliwa. Baraza linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Likishindwa kusuluhisha, hutoa cheti chenye maoni yake, na cheti hicho kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Cheti cha mwaka juzi hakifai. Barua ya mjumbe wa nyumba kumi si cheti. Ipo misamaha, mfano mwenzi aliyetoroka na hajulikani aliko, au aliyeitwa barazani akakaidi kwa makusudi, lakini misamaha hiyo huthibitishwa mahakamani, haitangazwi na mwombaji mwenyewe. Aliyeandikiwa talaka kwa ndoa ya Kiislamu naye apite barazani kisha mahakamani, kwani mbele ya sheria hii kinachovunja ndoa ni amri ya mahakama. Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina mfumo wake na Mahakama za Kadhi.

Eneo jingine linalotusumbua ni mikopo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani wala haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina la mmoja. Mwombaji wa mkopo anatakiwa kueleza kama ana mwenzi. Wapo wanaoapa kwamba hawajaoa ilhali mke yuko jikoni. Chini ya Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, kusema uwongo huo kwa kujua ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwa mkopo wa shilingi milioni 40, faini inaanzia milioni 20. Mwenzi anayehofia nyumba kuuzwa anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, na ni vyema alifanye hilo kabla dalali hajaanza kuleta wateja.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri kwa shauri mahususi. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, zinazohesabiwa tangu siku ya uamuzi. Siku hizo hazisimami kwa sababu wazee wa ukoo wamepanga kikao.