XP ndani ya mashine pepe bado ni XP

Mama mmoja fundi wa kudarizi hapa Moshi ana programu ya michoro inayokubali Windows XP tu, mfumo wa kompyuta wa zamani wa Microsoft. Kompyuta yake ya zamani ilipokufa, tulimwekea XP ndani ya VirtualBox kwenye laptopu mpya; hiyo ni programu inayotengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi. Akafurahi, akasema: “Sasa virusi haviniwezi, iko ndani ya boksi.”

Hapana, mama. Nayasikia maneno haya mara nyingi, hata kwa mafundi wenzangu, na yananitia hofu.

Mashine pepe huitenga XP na laptopu. Haiizibi matundu yake ya usalama. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Ilitoa kiraka cha dharura, yaani marekebisho ya kuziba tundu, Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani, lakini matundu mengine yapo palepale. Ukiiacha XP hiyo iingie kwenye intaneti, inavamiwa vilevile.

Hatari kubwa zaidi ni folda ya pamoja, ile inayoonekana na laptopu na XP kwa wakati mmoja. Wengi huiunganisha ili kuhamisha michoro, kisha wanaisahau. Kirusi kinachofunga mafaili kikiingia XP, kinaona folda ile kama diski yake, na mafaili kitakayofunga ni yale halisi ya laptopu: oda za wateja, picha, hesabu. Boksi lina mlango, na wewe ndiye uliyeufungua.

Kwa hiyo tulizima kadi ya mtandao kwenye mipangilio ya mashine pepe, tukaiwekea folda ruhusa ya kusoma tu. Programu ya kudarizi haihitaji intaneti hata kidogo. Nakala ya michoro tuliiweka kwenye diski ya nje, anayoichomoa kila jioni.