Michael Eisner wa Disney: yanayosemwa juu yake na yaliyotokea

Michael Eisner aliiongoza kampuni ya Walt Disney kwa miaka 21, kuanzia Septemba 1984 hadi Septemba 2005. Wapo wanaomwita mwokozi aliyeikuta kampuni taabani akaiacha ikiwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani katika burudani. Wapo wanaomwona sultani aliyetumia mali ya wanahisa kama ya babake. Kinachokera ni kwamba pande zote mbili huleta ushahidi uleule dhaifu. Huyu anaonyesha bei ya hisa, yule anaonyesha kiinua mgongo cha rafiki yake, kisha kila mmoja anadhani shauri limekwisha. Hoja kadhaa kati ya hizo hazihimili kukaguliwa.

Dhana: Aliikuta Disney ikiwa maiti, akaifufua peke yake

Kampuni iliugua kweli. Walt Disney alifariki Desemba 1966, na kwa miaka mingi baadaye studio iliishi kwa sifa za zamani. Mwaka 1984 mwekezaji Saul Steinberg aliinyemelea ili aichukue, na bodi ikaona heri imlipe aondoke: ilizinunua hisa zake kwa takriban dola milioni 325, naye akaenda zake na faida inayozidi dola milioni 30. Wanahisa wengine walichachamaa, na walikuwa na haki.

Lakini Ron Miller, mkwe wa Walt aliyemtangulia Eisner, hakuwa amelala. Chaneli ya Disney ilianza kurusha matangazo mwaka 1983, bustani ya burudani ya Tokyo ikafunguliwa mwaka huohuo, na Touchstone, nembo ya filamu zisizolenga watoto, ilianzishwa akiwa bado kwenye kiti.

Halafu Eisner hakuja peke yake. Pamoja naye aliingia Frank Wells, mwanasheria aliyetoka Warner Bros., mtu wa hesabu na mikataba, aliyeridhia kuwa wa pili. Jeffrey Katzenberg akaja kutoka studio ya Paramount kusimamia filamu. Roy E. Disney, mtoto wa kaka yake Walt, ambaye ndiye aliyepigana ndani na nje ya bodi ili Eisner apewe kazi, akachukua kitengo cha katuni. The Little Mermaid ya 1989, Beauty and the Beast ya 1991 na The Lion King ya 1994 zilipitia mikono ya hawa wote, bila kuwasahau watunzi wa nyimbo kama Howard Ashman na Alan Menken. Anayempa Eisner sifa yote anawaibia wengi.

Aprili 1994 Wells alikufa katika ajali ya helikopta huko Nevada. Julai, Eisner alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo. Katzenberg alikitaka kiti cha Wells, akanyimwa, akaondoka na kuanzisha studio ya DreamWorks pamoja na Steven Spielberg na David Geffen. Kisha akaishtaki Disney kwa kutomlipa bonasi aliyodai ni haki yake, kesi iliyomalizwa kwa makubaliano ya mamia ya mamilioni ya dola mwaka 1999. Katika miezi michache, watu wawili walioweza kuingia ofisini kwa Eisner na kumwambia “hapana” hawakuwepo tena. Mimi nikitakiwa kuchagua tarehe moja ya kumsoma mtu huyu, ningechukua hiyo Aprili 1994. Siku aliyoajiriwa na siku aliyoondoka hazielezi mengi kama hiyo.

Dhana: Mahakama ilimsafisha katika suala la Ovitz

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote.

Agosti 1995, wiki mbili tu baada ya kutangaza kwamba Disney inainunua kampuni ya televisheni ya Capital Cities/ABC kwa dola bilioni 19, Eisner alitangaza rais mpya wa kampuni: Michael Ovitz, rafiki yake wa miaka mingi, mmoja wa waasisi wa CAA, kampuni ya mawakala wa wasanii, na wakala aliyeogopwa kuliko wote Hollywood. Tangazo lilitoka kabla bodi haijapiga kura. Masharti yalijadiliwa na Irwin Russell, mwenyekiti wa kamati ya malipo ya bodi, ambaye pia alikuwa mwanasheria binafsi wa Eisner. Kamati ilipokutana Septemba ilikaa kama saa moja, mambo mengine yakiwemo kwenye ajenda, na wajumbe walipewa muhtasari wa masharti badala ya rasimu ya mkataba wenyewe.

Ndani ya mkataba huo mlikuwa na kifungu kinachosema kwamba Ovitz akiachishwa kazi bila kosa zito, atalipwa sehemu kubwa ya alichotarajia katika miaka yake mitano, pamoja na haki ya kununua hisa milioni 3 kwa bei iliyokwisha pangwa. Kwa hesabu hiyo, kushindwa mapema kulikuwa na malipo mazuri kuliko kuvumilia. Urafiki ulivunjika upesi. Mwishoni mwa Septemba 1996 wawili hao walikaa pamoja katika kipindi cha Larry King, CNN, Eisner akakanusha uvumi wa ugomvi na kusema angemwajiri tena. Desemba, Ovitz alikuwa nje. Alifanya kazi miezi 14 na kuondoka na takriban dola milioni 130.

Wanahisa walifungua mashtaka mwaka 1997. Kesi ilisikilizwa kwa siku 37 katika jimbo la Delaware, ambako Disney imesajiliwa kama yalivyo makampuni mengi makubwa ya Marekani. Agosti 2005 William Chandler, jaji aliyekuwa na cheo cha Kansela, aliamua kwamba wakurugenzi hawakuvunja wajibu wao wa kisheria, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakubaliana naye. Hapo wengi hulifunga faili.

Wangesoma hukumu kabla ya kulifunga. Chandler aliandika kwamba Eisner alikuwa amejitawaza mfalme mwenye uwezo wote na asiyekosea wa himaya yake binafsi. Alieleza jinsi Eisner alivyojizungushia marafiki na watu wasiompinga mezani pa bodi, na akasema mwenendo huo ulikuwa mbali sana na kile wanahisa wanachostahili kutarajia. Kisha akamwachia. Hajajipinga hata kidogo. Sheria ya Delaware humkinga mkurugenzi aliyefanya uamuzi mbaya, mradi awe na nia njema, asiwe na maslahi yake ndani ya uamuzi huo, na uzembe wake usipite kiasi. Jaji alikuwa akitafuta kama kuna kosa linalodai fidia. Kama Eisner alikuwa kiongozi mwadilifu lilikuwa swali jingine, na Chandler alisema wazi kwamba kushindwa kufikia kiwango bora cha uongozi si lazima kuwe kuvunja sheria.

Ningependa hasa msomaji aitazame ile bodi. Humo alikuwemo mwalimu mkuu wa shule waliyosoma watoto wa Eisner, padri aliyekuwa rais wa chuo kikuu alichosoma mwanawe, na msanifu majengo aliyekuwa akibuni hoteli za Disney. Wote walikuwa watu wa heshima katika fani zao. Jarida la BusinessWeek liliiweka zaidi ya mara moja miongoni mwa bodi mbovu kabisa nchini, na sababu haikuwa wizi. Watu hao walikuwa na deni la shukrani kwa mtu waliyepaswa kumsimamia.

Dhana: Hisa zilipanda, kwa hiyo alistahili kila senti

Thamani ya Disney sokoni ilikuwa chini ya dola bilioni 3 alipoingia, na karibu na bilioni 60 katika miaka yake ya mwisho. Ni ongezeko kubwa, na mwaka 1997 pekee Eisner alijipatia zaidi ya dola milioni 500 kwa kutumia haki zake za kununua hisa. Watetezi wake husema: wanahisa walitajirika, naye akatajirika, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba jumla hiyo inaficha mgawanyo. Sehemu kubwa ya ukuaji ilikuja katika muongo wa kwanza, Wells akiwa hai, na baadhi yake ilitokana na hatua zisizohitaji ubunifu mwingi: kupandisha viingilio vya bustani na kuziuza filamu za zamani kwa kanda za video. Soko zima la Marekani nalo lilikuwa likipanda. Kati ya 2000 na 2002 hisa ya Disney ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake.

Hata hesabu ingekuwa safi, isingejibu swali la maadili. Tazama mrithi wake, Bob Iger, ambaye kibiashara wengi humweka juu ya Eisner. Mwaka 2018 malipo yake yalifika dola milioni 65.6, mara 1,424 ya malipo ya mfanyakazi wa kati wa kampuni hiyohiyo, yaani yule ambaye nusu ya wenzake hulipwa zaidi yake na nusu pungufu. Abigail Disney, mjukuu wa mwasisi mwenza Roy O. Disney, alilalamika hadharani mwaka 2019, huku akimsifu Iger kama kiongozi. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kinywani mwake bila shida yoyote. Na kabla ya hapo, Machi 2018, asilimia 52 ya kura za wanahisa zilikuwa zimeukataa mpango wa malipo ya wakubwa. Kura hiyo ilikuwa ya ushauri tu.

Dhana: Wanahisa walimfukuza mwaka 2004

Hawakumfukuza. Roy E. Disney alijiuzulu kwenye bodi Novemba 2003, akaanzisha kampeni na mwenzake Stanley Gold, na katika mkutano mkuu wa Philadelphia Machi 2004 takriban asilimia 43 ya kura zilimnyima Eisner uungwaji mkono. Kwa kampuni ya ukubwa ule ilikuwa fedheha, lakini alichaguliwa. Bodi ilimvua uenyekiti, ikamwachia utendaji mkuu, na uenyekiti ikampa George Mitchell, seneta wa zamani ambaye naye alikuwa amewahi kulipwa na Disney kama mshauri. Eisner aliondoka zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Dhana: Asichokijua mtendaji mkuu hakimhusu

Mwaka 1993 Disney iliinunua Miramax, kampuni ya filamu, na kuwaacha ndugu Weinstein waiendeshe. Harvey Weinstein alibaki chini ya mwavuli wa Disney hadi 2005. Oktoba 2017 shutuma za unyanyasaji wa kingono dhidi yake zilipochapishwa, zikiwemo zilizohusu miaka hiyo, Eisner alisema hakuwa na habari. Sina sababu ya kumwita mwongo.

Ila “sikujua” si mwisho wa maswali. Mwaka 1998 wafanyakazi wawili wa ofisi ya Miramax ya London walisainishwa mkataba wa kunyamaza juu ya shutuma za aina hiyo. Kampuni mama ilikuwa na njia gani ya kusikia jambo kama hilo? Delaware yenyewe, katika shauri la Caremark la 1996, ilisema wakurugenzi wana wajibu wa kuhakikisha kuna mfumo wa kuwafikishia habari mbaya. Mwaka 2023, katika kesi iliyohusu McDonald’s, mahakama ikaueneza wajibu huo kwa maofisa watendaji pia. Anayepima maadili ya kiongozi aulize alijenga masikio gani, si tu nini kilimfikia.

Ni haki kuongeza kwamba bodi nyingine zimejifunza kitu. Les Moonves aliifanya CBS, kampuni ya televisheni, iongoze kwa watazamaji kwa miaka mingi. Mwaka 2018 aliondoka akituhumiwa kuwanyanyasa wanawake, tuhuma alizozikana, na bodi ikamnyima kiinua mgongo cha dola milioni 120.

Dhana: Urithi wa kiongozi husomwa siku anapotoka

Siku Eisner anatoka, Septemba 2005, picha ilikuwa mbaya. Mazungumzo ya kuendeleza ubia na Pixar, studio ya katuni ya Steve Jobs, yalikuwa yamevunjika Januari 2004, hasa kwa sababu Eisner na Jobs hawakuivana. Bustani ya Paris, iliyofunguliwa Aprili 1992, ilikuwa imehitaji kuokolewa kifedha zaidi ya mara moja. Ya pili ya California, ya mwaka 2001, ilionekana ya bei rahisi, na baadaye ilifanyiwa ukarabati wa zaidi ya dola bilioni 1.

Lakini katika ule ununuzi wa ABC uliolaumiwa kuwa ghali, ndani yake mlikuwa na ESPN, chaneli ya michezo, ambayo kwa miaka mingi iliyofuata ilikuwa kisima cha fedha za Disney. Mlikuwa pia na Bob Iger, aliyekuwa rais wa Capital Cities/ABC na aliyekuja na mali hiyo. Iger alimaliza ugomvi na Roy E. Disney Julai 2005, kabla hata hajakalia kiti, na Januari 2006 akatangaza kuinunua Pixar kwa dola bilioni 7.4. Zikafuata kampuni nyingine za filamu na burudani: Marvel mwaka 2009, Lucasfilm 2012 na sehemu kubwa ya Fox 2019. Mwaka 2020 Iger aliacha utendaji mkuu akisifiwa kama mfano wa kiongozi anayejua kuachia ngazi. Novemba 2022 bodi ilimrudisha kazini, baada ya kumfukuza Bob Chapek, mrithi ambaye Iger mwenyewe alikuwa amempendekeza.