Bomba la moshi la hita ya gesi sio bomba la sinki

Ndugu zangu mlioko Marekani na Canada, tukija kukagua nyumba iliyowekwa hita mpya ya maji ya gesi, cha kwanza tunachoangalia ni lile bomba la plastiki linalotoka kwenye hita kwenda nje. Watu wakiona ni plastiki wanalichukulia kama bomba la sinki tu, na hapo ndo hatari inapoanzia.

Hita za zamani moshi wake ulikuwa wa moto, unapanda wenyewe kwenye bomba la chuma. Hizi mpya za bomba la plastiki, nyingi zinatumia zaidi ya asilimia 90 ya joto la gesi, moshi unatoka umeshapoa na hauna nguvu ya kupanda, kwa hiyo kuna feni inausukuma. Sasa shika hapo, moshi unasukumwa, yaani kiungo kikiachia kidogo tu unamwagika ndani ya nyumba, na unaweza kuwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, mtu anahisi kichwa kinauma anaenda kulala na haamki.

Ndo maana viungo vya PVC, ile plastiki ngumu ya kawaida, vinasafishwa, vinapakwa praima kwanza (dawa ya kuandaa plastiki ishike gundi) afu gundi yake, tena mpaka mwisho kabisa wa kiungo. Polipropilini, aina nyingine ya plastiki, haipakwi gundi, ina mipira yake ya kuziba viungo. Bomba gani utumie inaamuliwa na kitabu cha hita yako, sio na kilichopo dukani, na kwa Canada bomba la plastiki liwe na alama ya S636, yaani kiwango cha huko cha mabomba ya moshi wa gesi. Na jamani, msichomeke hita hizi kwenye chimni ya zamani, moshi uliopoa unatoa maji yenye asidi yanayokula chuma na matofali.

Maji hayo ndo yanayosumbua wengi. Bomba linatakiwa lipande kidogo kidogo kuelekea nje, kama sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yarudi kwenye hita yatokee kwenye njia yake. Likikosa vishikilio vya kutosha linabonyea katikati, maji yanatuama, moshi unakosa njia na hita inazima, mtu anabadilisha sensa mara mbili tatu kumbe shida ni bomba limelegea.

Kule nje, mdomo wake uwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi, ila kwa wa Minnesota au Ontario hesabuni kuanzia juu ya theluji inayotegemewa kujaa, na uwe mbali na madirisha kama kitabu kinavyosema. Theluji ikianguka usiku, asubuhi toka ukaufukue kabla hujaoga.

Kazi yenyewe mpe fundi wa gesi mwenye leseni, achukue kibali, na kengele ya kaboni monoksidi iwe karibu na vyumba vya kulala. Ikilia usianze kutafuta tatizo liko wapi, toa watu wote kwanza, mkishakuwa nje ndo upige 911.